Sindano Isiyoingia

Niliharibu pakiti nzima ya sindano za mpwa wangu kwa kipande cha msasa, na kazi hiyo niliifanya kwa moyo safi kabisa, nikiwa nimeketi sebuleni kwangu Pasiansi, hapa Mwanza, chai pembeni, redio ikiongea yenyewe. Asubuhi aliziacha mezani, akaniambia juu juu kwamba anatafuta namna ya kupata sindano ya uongo, akaenda zake kazini. Nikawaza, kuna ugumu gani hapo? Sindano ni sindano kwa sababu ya ncha. Ukiiondoa ncha, umeshapata uongo. Nikazikwangua moja baada ya nyingine, nikazipanga vizuri kama nilivyozikuta, nikakaa kusubiri sifa.

Aliporudi jioni alizitazama, akanitazama. Hakupiga kelele. Mama yake, yaani dada yangu, angesikika mpaka Kamanga, ng'ambo ya ziwa, lakini huyu sauti yake haipandi hata akikanyagwa. Aliushika mkono wangu, akasimamisha sindano moja juu ya ngozi, akaigonga kwa kidole. Sindano ikapinda, ikaangukia kwenye mkeka.

"Umeona, Mjomba? Ya kweli inaingia, inasimama yenyewe. Hii yako inaanguka. Mgonjwa ana macho."

"Mwambie afumbe."

"Akifumba akapona, nitajuaje kama amepona kwa sindano au kwa kufumba macho?"

Mimi ni mtu wa kidato cha nne, na katika baiolojia nilipewa alama ambayo naamini mwalimu aliiandika kwa kunionea huruma. Nikaokota sindano mkekani, nikauliza kama kuna chai imebaki, ingawa chai ilikuwa yangu na birika lilikuwa mbele yangu.

Niseme kidogo mimi ni nani, ili msomaji asinitegemee mambo makubwa. Nashona sare za shule, na nashonea nyumbani. Ziwa liko chini tu ya mtaa wetu, nami nalijua kwa harufu yake na kwa vile vijidudu vyake vinavyokuja kama moshi na kufia kwenye taa yangu. Wengine huenda kulitazama. Mimi nangoja linifuate. Bibi jirani yangu, mjane wa Kihaya aliyefundisha shule ya msingi hadi alipostaafu, ananiita mwali. Kila asubuhi namwamkia juu ya ukuta, "Shikamoo, Bibi," naye hujibu huku akikata majani makavu ya migomba yake, "Marahaba, mwali. Bado hawajakutoa nje?"

Mpwa wangu alihamia kwangu kutoka Kisesa kwa sababu kwangu ni karibu zaidi na hospitali anayofanyia kazi. Ni daktari. Wagonjwa wake wengi ni akina mama wa mwaloni, wanaobeba mabeseni ya dagaa kutoka majini hadi juu, na magoti yao yamechoka kabla wao wenyewe hawajachoka. Hospitalini walikuwa wameanza kuwapa tiba ya sindano za Kichina, ile inayoitwa akupancha. Wengine waliapa kwamba imewarudishia miguu. Wengine walisema ni kupotezewa muda, maana mama aliyekuja kuchomwa siku hiyo hauzi dagaa. Mpwa wangu hakutaka kuamini wale wala hawa. Alitaka kujua. Na ili ajue, ilimpasa kuwa na wagonjwa wa kundi la pili wanaopata kila kitu kilekile, isipokuwa sindano yenyewe kuingia mwilini, na wao wenyewe wasiweze kutambua.

Mimi, kwa uzoefu wangu wa kukaa ndani, niliona amejitafutia kazi ya bure.

"Si uwachome hawa, wale uwaache hivihivi tu, halafu ulinganishe?" nilimwambia nikiwa nashona kola.

"Mgongo wako unauma lini, Mjomba?"

"Kila siku ya Mungu."

"Jana je?"

Nikafikiri. Jana alikuwa na mapumziko. Tulikula sato, akanisikiliza nikilalamika tangu asubuhi mpaka watu wanatoka kanisani. "Jana ulikuwa na nafuu," nikakiri.

"Ulikunywa dawa gani?"

Nikashona kola.

"Basi ndiyo hivyo. Mtu ukimkalisha, ukamuuliza goti linauma wapi, lilianza vipi, ukamsikiliza mpaka amalize, goti linalegea hujaligusa bado. Nikimlinganisha huyo na niliyemwacha kwenye benchi, nitakuwa nimepima sindano, au nimepima kusikilizwa?"

Siku nyingine nikamletea wazo jipya: achome kwa sindano ya kweli, ila mahali pasipohusika. Mtu wa goti achomwe kiwiko. Nilijiona nimefika. Hakucheka, na hilo ni jambo ninalolistaajabia mpaka leo, kwamba mtu mwenye elimu kama yake aliyachukua mawazo yangu moja moja na kuyageuza mkononi kama yametoka kwa mwenzake wa hospitalini.

"Hilo wapo wanaolifanya," akasema. "Lakini sindano ikiingia, imeingia. Mwili haujui kwamba nimekosea mahali kwa makusudi. Unaweza kuitika hata huko kwenye kiwiko."

"Kwa hiyo unataka uongo mtupu."

"Uongo mtupu haupo, Mjomba. Hata sindano butu inagusa ngozi, na kugusa ni kitu. Natafuta ule mwepesi kuliko yote, na nitasema wazi kwamba una uzito wake."

Wakubwa wake walikuwa wamemwambia bila kuzunguka: awaonyeshe kwanza kwamba mtu akiwekewa hizo sindano hawezi kujua ipi ni ipi. Akiweza kujua, utafiti hauanzi, na akina mama waendelee kuja au kutokuja kwa kubahatisha kama zamani. Na sindano za uongo alizopewa za kufanyia majaribio zilikuwa chache. Zikiisha kabla hajawaridhisha, basi.

Sindano hizo si yeye aliyezivumbua, akanikataza nisiwaambie majirani hivyo, katazo ambalo nililivunja siku hiyohiyo. Zinatoka nje. Ncha yake ni butu, na ukiigonga, mwili wa sindano unarudi ndani ya mpini wake, kama eriali ya redio. Ukitazama unaapa imezama nyamani. Ili isianguke, inasimamishwa kwenye pete ndogo ya plastiki iliyofunikwa plasta, na ya kweli nayo inapitishwa kwenye pete kama hiyo, ili zote zifanane. Pete alizikata mwenyewe kutoka kwenye mrija wa dripu, mezani pangu, kwa wembe. Iliyowazidi wenzake kimo kwa unene wa uzi aliitupa. Nilimwambia ningekuwa mkali hivyo kwenye vifungo vya sare ningekufa njaa. Akaniambia sare zangu zinajulikana mtaa mzima kwa vifungo vyake, na hakusema kama ni kwa uzuri.

Mimi nilipewa kushona pazia dogo la kukaa juu ya paja, mgonjwa asilione goti lake. Nikalishona kwa kipande cha khanga, maridadi, na maneno yake katikati. Akalikataa.

"Lina maneno," akasema.

"Maneno mazuri."

"Watayasoma, Mjomba. Mtu akiwa amelala anasubiri kuchomwa, atatafuta maana. Atasema nimeandikiwa mimi."

Nikafikiria khanga zote nilizowahi kuona wanawake wakirushiana mtaani kwetu, nikalifumua. Pazia likawa la kitambaa cha sare, rangi ya kijivu, kisichosema lolote.

Alikuwa na ruhusa ya kufanya mazoezi na watu wazima waliokubali, na nyumba yangu ikawa mahali pa mazoezi kwa sababu ina kochi refu na mwenyewe hatoki. Wa kuweka sindano alikuwa muuguzi mmoja wa makamo, mtu wa Kisesa vilevile, aliyesomea kazi hiyo. Mikono yake ilikuwa imetulia kama maji ya mtungini, na maneno alikuwa hana. Mpwa wangu alimpa sentensi moja ya kusema kwa kila mtu, kwa sauti ileile: "Naweka sasa, utahisi kitu kidogo." Alimfanyisha mazoezi ya sentensi hiyo mpaka mimi nikawa naisema nikiwasha jiko.

Kazi yangu ilikuwa kushika tochi ili amulike goti. Niliomba mwenyewe. Niliona si vizuri watu wafanye sayansi nyumbani kwangu mimi nikiwa jikoni.

Wa kwanza kuombwa alikuwa Bibi jirani, kwa sababu ya magoti yake na kwa sababu angeumia zaidi kama asingeombwa. Mpwa wangu alikaa chini mbele yake kwenye mkeka, akamweleza yote: kuna sindano ya kweli na ya uongo, hutaambiwa umepata ipi mpaka tumalize, ukitaka kuacha unaacha.

Bibi akamsikiliza, miwani kwenye ncha ya pua. "Yaani, mwanangu, unaniomba ruhusa ya kunidanganya?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mawe!" akamwita mama yake kwa Kihaya. "Marehemu mume wangu hakuniomba hata mara moja." Akanigeukia. "Na wewe mwali umo humo?"

"Mimi ni wa tochi, Bibi."

"Nikikataa?"

"Unakunywa chai," mpwa wangu akasema, "unarudi kwako, na goti nitakutazamia vilevile."

"Basi nidanganye. Lakini ujue nimekaa na watoto wa shule maisha yangu yote. Uongo nausikia ukiwa bado uko mlangoni."

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Mtu akishawekewa, anachukua punje ya mahindi ikiwa anadhani ni ya kweli, au harage ikiwa anadhani ni ya uongo, anatumbukiza kwenye kikombe chenye mfuniko bila kusema, mwingine asije akamfuata. Kila mtu alikuwa na kikombe chake. Kama sindano inadanganya sawasawa, mahindi na maharage yangetumbukia ovyo, kama mtu anayebahatisha.

Hayakutumbukia ovyo. Bibi jirani alipata kila mara. Mahindi kwa ya kweli, harage kwa ya uongo, bila kukosea, huku akirudi kochini kama mtu aliyeshinda karata. Majirani wengine nao walipata mara nyingi kuliko bahati inavyoruhusu.

"Umejuaje, Bibi?" mpwa wangu akamuuliza.

"Najua tu."

"Unahisi nini?"

"Ningejua ningekwambia. Inanijia."

Mpwa wangu alianza kutafuta, na kumtazama akitafuta kulinipa raha ambayo sikupaswa kuwa nayo, maana yeye mwenyewe chakula kilikuwa hakishuki. Hakumlaumu mtu. Alizirudia pete. Akanusa pamba za spiriti, akaona muuguzi anasugua kidogo zaidi kabla ya sindano ya kweli, akalisawazisha hilo. Bibi akapata. Akamsogeza muuguzi upande wa miguu asionekane uso. Bibi akapata. Akakunja vifuniko vya karatasi ili sindano zote zitoke kwenye mirija inayofanana na mlio wa kufungua uwe mmoja. Bibi akapata, akaomba na chai yenye tangawizi.

Mwishowe akamfunga Bibi macho kwa kitambaa, naye Bibi, gizani humo, akapapasa akachukua punje ya mahindi, akatumbukiza. Ilikuwa ya kweli.

Jioni hiyo, watu wakiwa wameondoka, mpwa wangu alikaa kwenye kiti changu cha cherehani, mahali ambapo huwa hakai. Sindano za uongo zilikuwa zinakaribia kwisha. Nilitaka kumwambia aache, arudi kutibu watu kama wenzake, maisha yaendelee. Kwa bahati njema nilikuwa na pini mdomoni.

"Si macho," akasema taratibu. "Amefungwa macho na bado anajua. Basi imebaki ngozi, au masikio." Akasimama, akamwita muuguzi aliyekuwa ameshavaa viatu, akajifunga kile kitambaa usoni mwake mwenyewe, akalala kochini, akapandisha gauni hadi gotini. "Niwekeeni mimi. Chagua unayotaka, usiniambie."

Nikashika tochi.

"Naweka sasa, utahisi kitu kidogo," muuguzi akasema. Akaweka. Kimya.

"Uongo," mpwa wangu akasema.

Ilikuwa ya uongo. Muuguzi akachukua nyingine. Nikaiona chini ya tochi yangu ncha ile, nyembamba kama unywele, ikilifuata goti la mtoto wa dada yangu ambalo nililipaka mafuta alipokuwa mdogo.

"Naweka sasa, utahisi kitu kidogo." Akaweka.

Mpwa wangu hakutaja kweli wala uongo. Aliinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza maji yakichemka chumba cha pili.

"Mjomba," akasema, "umesema nini?"

"Mimi? Sijafungua mdomo."

Muuguzi akakohoa. Huyu ndiye mtu ambaye ndani ya nyumba yangu hakuwahi kuongeza neno juu ya ile sentensi yake. "Umesema pole," akasema.

"Nimesema pole?"

"Pole, mama. Unasemaga."

"Kila mara?" mpwa wangu akauliza, bado amefungwa macho.

Muuguzi akafikiri. "Kila mara ikiwa ya kweli. Ile nyingine husemi."

"Na hukuniambia!"

"Nilidhani ni adabu tu, Dokta."

Alicheka, mpwa wangu. Alicheka mpaka sindano ikatikisika gotini na muuguzi akaiwahi kuitoa, mpaka kitambaa kikalowa machozi. Mimi nilisimama na tochi yangu nikimulika ukuta. Kazi yote ile, pete za unene wa uzi, pazia lisilosema, sentensi ya muuguzi, na kumbe kitu kilichokuwa kinasema nilikuwa mimi. Na mbaya zaidi, hakuna aliyesikia, hata Bibi aliyekuwa akikitumia. Kwetu nani husikia pole? Mtu akijikwaa barabarani, pole. Akitoka kazini, pole. Beseni likianguka nyumba ya tatu, unasema pole ukiwa chumbani kwako na hajui mtu kama umesema. Inatoka na pumzi.

Nikamwambia nitatoka nje wakati wa kazi, nitakaa hata barazani. Kwangu hiyo ilikuwa ahadi kubwa.

"Ukitoka, nitaenda kufanya hospitalini," akasema akifuta macho, "na hospitali imejaa watu wanaosema pole. Wauguzi, ndugu, mama anayepiga deki. Siwezi kuizuia pole Mwanza nzima. Bora nimeikamata hapa."

Kwanza alijaribu kuninyamazisha. Nikauma midomo. Bibi jirani akainua pazia la kijivu akachungulia: "Mnanitoboa kama gunia la mkaa, hata pole hakuna? Huyu mwali amekatwa ulimi?" Wengine nao wakakakamaa miguu. Walikuja kwa kusaidia, na sasa walionekana kama watu waliokamatwa.

Akabadilisha: nimwambie pole kila mtu, kwa ya kweli na ya uongo. Hapo ndipo nilipojua kwamba sina kipaji. Pole ya sindano ya kweli ilinitoka vizuri. Ya sindano ya uongo ilinitoka kama mtu anayetangaza mnada. Nilijaribu kumfikiria marehemu mama yangu, nilijaribu kufikiri juu ya kodi, haikusaidia. Bibi akawa anatumbukiza harage kabla sijamaliza kutamka.

Na hapa ndipo mpwa wangu alipofanya jambo lililonifanya nimvulie kofia, kama ningekuwa navaa kofia ndani ya nyumba. Hakunifundisha kuigiza. Aliniuliza, "Mjomba, ungekuwa hujui ni ipi, ungesema pole gani?"

Akachukua tochi yangu, akaifunga kwa kamba kwenye shingo ya cherehani, imulike yenyewe. Akanishonesha pazia la pili, refu, likaning'inia kati yangu na goti. Akaniweka upande wa kichwa, pamoja na mgonjwa. Muuguzi pekee ndiye aliyebaki kule na kujua, maana lazima mmoja ajue, na hilo alisema ataliandika kama lilivyo. Mimi nikaingizwa gizani pamoja na wagonjwa. Muuguzi akisema, "Naweka sasa," mimi nikawa sijui kama yule mtu aliyeshika mkono wangu anachomwa au haguswi na kitu cha maana. Basi nikawaonea huruma wote. Pole ikawa inatoka yenyewe, kwa kila mmoja, ya moto.

Bibi jirani siku hiyo alikaa muda mrefu juu ya kikombe, punje huku, harage huku, akachelewa mpaka chai ikapoa. Mpwa wangu alisimama dirishani akijifanya anaangalia migomba.

Kisha ikaja siku ya wakubwa wake. Walikuja wawili, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, na mzee mmoja aliyevua viatu mlangoni akakuta sakafu yangu ina nyuzi, akavivaa tena. Sindano za uongo zilizobaki zilitosha kwa siku hiyo tu. Majirani walikuja wamevaa vizuri. Bibi alivaa gomesi, lile gauni lake refu la sherehe, kana kwamba goti linakwenda kupigwa picha.

Mpwa wangu hakuruhusiwa kuwa karibu. Alisimama mlangoni mwa jikoni, na kila muuguzi aliposema sentensi yake niliona vidole vyake vikilikunja pazia la mlango, vikiliachia. Nilisema pole kwa kila mtu. Sikujua hata moja nimeisemea nini.

Walipomaliza, yule mama wa miwani alimwaga vikombe kwenye sahani, kimoja kimoja, muuguzi akimwonyesha sindano aliyomwekea kila mtu. Alisogeza mahindi huku na maharage kule kwa kidole, kama anayechambua mchele. Alirudia tangu mwanzo. Mzee akainama naye akatazama.

"Wamebahatisha," mama akasema. "Anza kazi yako, Dokta."

Mpwa wangu alisema, "Asante," kwa sauti yake ileile isiyopanda. Lakini pazia langu la mlango wa jikoni lilikuwa limeng'oka pete mbili, na mpaka leo sijazirudishia.

Ilibaki kuwaambia watu walichopata, kama alivyowaahidi. Bibi jirani alikuwa ametumbukiza mahindi kwa kishindo, tena alikuwa akiwaeleza wageni wakinywa chai kwamba ya leo ilikuwa ya kweli kweli, aliisikia mpaka kwenye kifundo, na goti limekuwa jepesi, tazama. Akakunja mguu, akaukunjua. Mpwa wangu akaenda akapiga magoti mbele yake. Nilitamani kuwa jikoni.

"Bibi," akasema, "ilikuwa ya uongo."

Bibi aliutazama mguu wake. Akaukunja tena, taratibu, akaukunjua. Akanitazama mimi, akatazama wageni, kisha akamwekea mpwa wangu mkono kichwani, akasema:

"Hongera, mwanangu. Umenidanganya vizuri kuliko marehemu mume wangu, na yule alifanya mazoezi maisha yake yote."